Antena Juu ya Mnazi wa Mama

Nimesamehe watu wengi maishani mwangu, na wengine hata hawakuniomba. Jirani yetu yule sijamsamehe, wala sina haraka. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na wali wa matanga yake niliupika mimi, lakini hilo ni jambo jingine.

Tulikaa kaskazini ya Malindi, upande wa Magarini, katika shamba alilozaliwa mama. Baba alipofariki, mama alirudi kwao na sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, na mjomba akatupa nyumba ya makuti iliyokuwa ya bibi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mjomba alibanwa na shida zake, akakata kipande cha shamba kilichopakana na ua wetu, akakiuza. Aliyenunua alikuwa karani mstaafu, mtu wa kuzaliwa mjini na kukulia mjini, aliyetaka kuzeekea mahali penye kivuli. Akajenga nyumba ya mawe, akaiezeka mabati, akatia madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani. Yakumbuke madirisha hayo.

Katika kipande kile palikuwa na minazi, na mrefu kuliko yote ulikuwa wa mama. Babu aliupanda mama alipokuwa mchanga, akasema huu ni wake. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Ardhi yaweza kuwa ya huyu, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule, na ukinunua ardhi bila kutaja minazi, umenunua mchanga. Mjomba aliuza mchanga. Alilisema hilo waziwazi siku ya kuuziana, mbele ya wazee, na karani akaitikia kwa kichwa, jinsi mtu wa mjini anavyoitikia mambo ya shamba anayoyaona hayana maana. Mkewe ndiye aliyeelewa. Nazi ikianguka uani kwao, mwanamke yule alikuwa akiiokota na kuja nayo hadi kwetu, anabisha hodi, anaiweka mlangoni. Alikuwa mtu mwema aliyeolewa vibaya.

Kisha karani akaleta televisheni. Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari, lakini katika upande wetu haikuwako nyingine. Alikuja nayo fundi kutoka mjini, akatazama paa la mabati, akatazama minazi iliyolizunguka, akatikisa kichwa. Antena ikikaa paani, alisema, itaangaliana na makuti tu. Basi akatafutwa mtu wa kupanda, na antena ikapandishwa ikafungwa juu ya mnazi mrefu kuliko yote. Hakuna aliyekuja kutuuliza.

Mama alikuwa uani kwetu akipepeta mchele. Aliinua macho mara moja, akaendelea kupepeta.

“Mama, ule si mnazi wako?” nikamwuliza.

“Ni wangu.”

“Ameomba?”

“Mnazi hauumwi kwa kufungwa waya, mwanangu. Mwache.”

Ndivyo alivyokuwa mama. Alikuwa na neno “mwache” kama watu wengine walivyo na chumvi, akilitia katika kila kitu. Mimi sikulirithi. Nilikuwa nikifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja mjini Malindi, na siku nzima nikiwaambia watu ndiyo bwana, ndiyo bibi, kwa hiyo nilipofika nyumbani ulimi wangu ulikuwa umechoka kuwa na adabu.

Mwanzoni, lazima niseme kweli, karani hakuwa mbaya. Jioni aliacha dirisha wazi, na watoto na kina mama wa jirani wakasimama nje kutazama. Alipenda kusikia watu wakishangaa. Alikuwa akikohoa, anaongeza sauti kidogo, anakaa tena kwenye kiti chake kama kwamba mtangazaji ni mwanawe. Mama hakuwa mtu wa kwenda. Alisema macho yanamwuma, nami nilijua ni haya tu.

Siku moja mdogo wangu, aliyekuwa akisoma sekondari Kilifi, alikuja nyumbani mapumziko mafupi na habari iliyomfanya ashindwe kula. Kwaya ya shule yao ilikuwa imeimba katika mashindano, imechukuliwa picha, na ingeonyeshwa kwenye televisheni kabla ya taarifa ya habari. Alitutajia siku. Mama akamtaka airudie ile siku, akairudia, akamtaka tena.

“Utanitazama, mama?”

“Nisikutazame kwani nimekuzaa bure?”

Siku ilipofika, mama alioga mapema. Alijifunga leso mpya, doti aliyokuwa ameiweka sandukuni tangu Krismasi, akajipaka mafuta miguu mpaka ikang'aa. Alikuwa ameshinda akipika mahamri, kwa sababu mama hakujua kwenda nyumbani kwa mtu mikono mitupu, hata kama mahali pake ni nje ya dirisha. Akayapanga kwenye sahani yake ya maua, ile nzuri, akaifunika kitambaa. Mimi nilitoka kazini mbio ili tuwe pamoja.

Tulipofika, karani alikuwa na wageni, wanaume wa mjini aliofanya nao kazi zamani, wamekaa kwenye makochi na soda zao. Watoto walikuwa wamekwisha kujaa dirishani. Mama akasema hodi, akampa mke wa karani ile sahani mlangoni, na mama wa watu akaipokea kwa mikono miwili, akamsogezea watoto ili apate nafasi mbele. Mama akashika nondo za dirisha kwa vidole, taratibu, kama anayeogopa kuzichafua. Ndani, mtangazaji alikuwa anataja jina la shule.

Hapo mmoja wa wageni akacheka na kumwuliza karani kama hapa ni nyumbani au ni kwenye sherehe. Karani akainuka. Nadhani aliona aibu, na mtu mwenye aibu huitafutia mahali pa kuitua. Alikuja hadi dirishani akasimama mbele ya mama, na nyuma yake nikasikia sauti za watoto zikianza kuimba.

“Hapa si sinema,” akasema. “Kila mtu akatazame kwake.”

Akavuta mbao zile za kijani, akafunga. Mama alitoa vidole upesi visibanwe.

Tulisimama pale tukisikia. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba kuimba kulisikika vizuri kabisa. Mama alibaki ameinamisha kichwa mpaka wimbo ukaisha na watu ndani wakapiga makofi, kisha akasema, “Twende.” Kesho yake mke wa karani alirudisha sahani, imeoshwa, na hakuweza kunitazama usoni. Mahamri waliyala.

Nilitaka kwenda siku ileile kuushika waya ule na kuukata. Mama akasema mwache. Akalisema kwa sauti ndogo, lakini akalisema, nami nikamezea.

Kilichobadilisha mambo ni mdogo wangu. Shule zilipofungwa alirudi, na hata mkoba hajauweka chini akauliza, “Mama, uliniona?”

“Nilikuona, baba.” Mama alikuwa anakuna nazi na hakuacha kukuna. “Ulipendeza. Ulisimama mbele pale, umenyooka.”

Mdogo wangu akauweka mkoba chini. “Mbele? Mimi nilikuwa safu ya nyuma, mama. Nyuma kabisa. Nilisimama juu ya benchi.”

Mama aliendelea kukuna nazi iliyokwisha kuisha, meno ya mbuzi yanakwaruza kifuu kitupu. Kijana akamwangalia, akaniangalia mimi, akaelewa, akasema haraka kwamba labda picha zilichukuliwa mara mbili, labda kweli kuna wakati alikuwa mbele. Akatoka nje. Mama yangu hakuwa mwongo. Sijui uongo mwingine aliowahi kusema, na huo mmoja alitiwa kinywani na jirani, kisha akafumwa nao na mwanawe mwenyewe.

Jioni ile nikamwambia, “Mama, nipe ruhusa mjomba augeme ule mnazi.”

Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda tembo, ile pombe ya mnazi. Miaka yote aliuacha mnazi wake uzae nazi tu, na mjomba, aliyekuwa mgema, alikuwa akiupita huku akiutazama kwa huzuni. Nilingoja aseme lile neno lake. Aliutazama mnazi, kisha akasema, “Mwambie asitukane mtu akiwa juu.”

Mnazi unaogemwa hupandwa asubuhi, mchana na jioni, kila siku iendayo kwa Mungu. Mgema hukata ncha ya ua lile changa, humimina tembo lililodondoka, hufunga kibuyu tena. Kazi hiyo haingoji mtu wala kipindi. Na jioni ya mjomba ilikuwa jua linapoanza kuinama, wakati uleule televisheni zinapowashwa. Mjomba aliingia uani kwa karani na kisu chake cha kugemea na kibuyu kiunoni, akasalimia kwa heshima zote, akapanda. Alikuwa mtu mzito. Alipofika juu alishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni antena.

Ah, ile sauti! Mpaka leo naisikia. Kwanza sauti ya mtangazaji ikapasuka, kisha watu wakalalamika ndani, kisha karani akapiga kelele, “Nani yuko juu?” Mjomba akajibu kwa upole kutoka mbinguni, “Ni mie, bwana. Niko kazini.” Picha ikawa chengachenga tupu. Akiteremka antena ilikuwa imeangalia Somalia, na fundi wa kuirudisha yuko Malindi mjini. Karani alimwita fundi. Fundi akairudisha. Jioni mjomba akapanda.

Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakaa kibarazani kwetu na kikombe cha chai, nimegeuza kiti kiangalie kwa jirani. Watu wengine walikuwa na televisheni, mimi nilikuwa na hiyo. Mpira ukikaribia bao, mjomba anapanda. Mjomba hakujua lolote la mpira, maskini, alifuata jua tu, lakini ungeapa alikuwa na ratiba mfukoni.

Karani akaenda kushitaki kwa naibu wa chifu. Tuliitwa sote, tukakaa kwenye benchi. Karani alisema vizuri sana, kwa Kiswahili cha ofisini, kwamba watu wanaingia uani kwake bila idhini, wanapanda mti wake, wanaharibu mali yake.

“Mti wako?” naibu akauliza.

“Umesimama katika ardhi yangu.”

“Hilo sikuuliza. Nazi zake zinaangukia mdomo wa nani?”

Karani akafungua kinywa, na kabla hajasema, mkewe, aliyekuja naye kumuunga mkono, akajibu. Sidhani alikusudia. Aliulizwa jambo analolijua, akasema. “Zikianguka huwa nazipeleka kwa mwenyewe,” akasema, na akanyoosha mkono kumwonyesha mama.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka namna ile. Naibu hakuhitaji shahidi mwingine. Mwenye mnazi ana njia ya kuufikia mnazi wake, akasema, na anayetaka kuutundikia kitu aombe kwa mwenyewe. Karani alitakiwa amwombe mama, palepale, neno moja tu. Najua mama angekubali. Nilimwona amekwisha kuinua kichwa ili akubali. Karani akasema ataondoa antena yake, ahsanteni, akatoka na kofia yake.

Akaifunga juu ya bomba paani kwake, na kama fundi alivyosema, ikaangaliana na makuti. Jioni tulikuwa tukimsikia akiigeuza, huku mkewe akimwambia kutoka ndani, bado, bado, bado.

Mtu mwingine angetosheka. Mimi niliona kilele cha mnazi ule kikiwa kitupu, na usingizi ukanipotea. Nilijinyima mengi ambayo msichana wa umri wangu hakupaswa kujinyima, mpaka siku moja nikaingia katika duka la vitu vya umeme mjini nikasema nataka televisheni ya betri na antena.

Muuzaji aliniwekea antena za aina tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya masikio mawili, ya kukaa juu ya televisheni yenyewe, akasema hiyo ni ya watu wa Mombasa, huko kwenu itakuwa pambo. Ya pili ilikuwa na vijiti vichache, sawasawa na ya karani. Ya tatu ilikuwa ndefu, vijiti vingi kama mifupa ya nguru.

“Mawimbi yanatoka kusini,” akanieleza. “Ukikaa mbali, chukua yenye vijiti vingi, na uielekeze kusini barabara. Lakini hii ndefu ina uzito. Unayo nguzo ya kuibeba?”

“Ninayo,” nikasema. “Ilipandwa na babu.”

Aliendelea kunieleza kuhusu waya, kwamba ule bapa chumvi ya bahari huula upesi, nichukue wa mviringo. Nilimsikiliza, nikachukua wa mviringo. Lakini antena niliichagua mimi kwa sababu yangu mwenyewe, kwamba ilikuwa ndefu kuliko ya jirani. Nilimwomba asiifunge kwenye karatasi. Nilitembea nayo begani kutoka barabarani, na nilizunguka ili nipite mbele ya nyumba yenye madirisha ya kijani.

Tuliifunga siku ya Jumapili, baada ya kanisa. Mjomba aliifunga kwanza kwenye boriti nyembamba, akaipandisha boriti kwa kamba, akaikaza kwa mipira ya magurudumu ya gari iliyokatwa vipande virefu, kwa sababu mnazi unacheza katika upepo wa kusi na misumari ingelegea. Boriti ikatokeza juu ya makuti yote. Waya ukashuka kwa shina, ukapita juu ya uwanja wa karani, ukavuka ua, ukaingia dirishani kwetu. Mama alikaa ndani mbele ya kioo kuangalia picha. Mimi nilisimama katikati ya uwanja wa karani, maana hapo ndipo ningesikika na wote wawili, nikipokea neno la mama na kulipeleka juu.

“Bado!” anasema mama ndani.

“Bado, mjomba! Vuta kulia!” napiga kelele mimi.

Karani alikuwa kibarazani kwake na gazeti. Nilimwambia shikamoo. Hakuitikia. Nikapaza sauti zaidi.

“Hapo! Hapohapo!” akalia mama. “Wanaonekana hata meno!”

Tangu siku ile tembo lilikoma, kwa amri ya mama, na mjomba alininunia kwa majuma. Dirisha letu lilikaa wazi kila jioni na watoto wote wakahamia kwetu. Mama aliwapa ubuyu.

Ilipita muda mrefu. Kisha ikaja sikukuu ya taifa ambayo binti wa karani, aliyekuwa chuoni bara, alichaguliwa kucheza ngoma na wenzake uwanjani mbele ya wakubwa. Mke wa karani alikuwa amemtangazia kila mtu kisimani. Asubuhi ile tulimsikia karani paani kwake akigeuza, akigeuza, mpaka jua likawa kali. Sherehe ikaanza. Watoto walikuwa ndani nasi, mkekani. Nilipoinua macho nikawaona dirishani, karani na mkewe, wamevaa nguo nzuri. Mkewe alikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa.

Bwana yule alisogea karibu. Alishika nondo zetu kwa vidole.

Niliinuka. Niliweka mkono kwenye ubao wa dirisha na moyo wangu ukawa unapiga kwa furaha, sitaificha. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyatunza kama nilivyoyapokea. Lakini nyumba ilikuwa ya mama, nikamgeukia, nikijua atasema mwache.

Mama aliwatazama. Akaitazama sahani.

“Funga,” akasema.

Nikafunga. Karani alitoa vidole upesi. Yale maneno ya sinema yalinikauka mdomoni, kwa sababu nilikuwa namwangalia mama. Alivuta kigoda chake mpaka karibu na kioo, akawanyamazisha watoto, akatazama wale wasichana kama anayechambua mchele. Hakutabasamu, hakugeuza kichwa. Nje hapakuwa na sauti yoyote. Ngoma ilipokwisha aliinuka, akaja akanisogeza kando, akafungua dirisha mwenyewe. Walikuwa bado wamesimama palepale.

“Mwanenu alikuwa safu ya nyuma,” mama akamwambia karani. “Wa mwisho upande wa kushoto. Kilemba kilimlegea mara moja, akakiweka sawa bila kupoteza hatua. Akija akawauliza, mwambieni hivyo.”

Karani alisema ahsante. Mkewe alilia, akaleta sahani mlangoni, na mama akaipokea kwa mikono miwili.

Watu waliosikia kisa hiki walimsifu mama, na wanamsifu mpaka leo. Nami namsifu. Lakini mimi ningemwambia karani kwamba mwanawe alisimama safu ya mbele.